Hodi Mlangoni pa Seli: Vipokezi vya Sitokini katika Lukemia na Limfoma

Utangulizi

Mgonjwa anayechunguzwa kwa kudhaniwa kuwa na saratani ya damu hukabidhiwa karatasi ya majibu iliyojaa herufi na tarakimu: CD3 chanya, CD4 chanya, CD25 chanya, CD30 hasi. Yeye na ndugu zake hulikazia macho neno "chanya". Kwa kuwa katika kipimo cha VVU au cha kifua kikuu neno hilo humaanisha kwamba ugonjwa umepatikana, huondoka wakiamini kwamba kila "chanya" katika karatasi ile ni ugonjwa mwingine. Mhudumu wa afya naye, asiyewahi kupata nafasi ya kujifunza vipimo hivi, huweza kudhani kuwa CD25 ni jina la saratani, na akamweleza mgonjwa hivyo.

Kosa hilo si dogo. Laweza kumkatisha tamaa mtu mwenye ugonjwa unaotibika, na laweza pia kumpa matumaini ya bure mtu aliyesikia kwamba "dawa ya CD25 ipo". Makala haya yanakusudia kueleza vipokezi vya sitokini ni nini, kwa nini huonekana juu ya seli za lukemia na limfoma, na namna ya kuzisoma habari zake. Hoja yetu ni moja: kuonekana kwa kipokezi juu ya seli ni habari, si hukumu. Maana ya habari hiyo hutokana na maswali matatu. Kipokezi kipo juu ya seli ya aina gani? Kinafanya kazi yake kama kawaida, au kimeharibika? Na je, tiba inaweza kukitumia?

Sitokini na vipokezi vyake

Sitokini ni protini ndogo ambazo seli huzitoa ili kupashana habari. Kwa njia yake seli moja huiambia nyingine igawanyike, ikomae, ihame, ipambane na maambukizi au ife. Interlukini na interferoni ni sitokini. Erithropoietini, itokayo zaidi kwenye figo, huuhimiza uboho kutengeneza seli nyekundu za damu. Wauguzi wa wodi za saratani wanaifahamu filgrastimu, sindano inayopandisha seli nyeupe baada ya tiba ya kemikali; nayo ni sitokini iliyotengenezwa kwa njia za kitaalamu.

Sitokini haiingii ndani ya seli ovyo. Hufika kama mgeni na kubisha hodi. Kipokezi ni protini iliyopita katikati ya utando wa seli, sehemu yake moja ikiwa nje na nyingine ndani. Sehemu ya nje huisikia hodi, na sehemu ya ndani hupeleka habari. Kwa vipokezi vingi, habari hiyo hupokelewa na vimeng'enya vya kundi la JAK, ambavyo huziamsha protini za kundi la STAT. Protini hizi husafiri hadi kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zinazohusika. Seli isiyo na kipokezi cha sitokini fulani haisikii kitu, hata kama sitokini hiyo imejaa tele katika damu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba seli yenye afya haiweki vipokezi vyake kwa kudumu na kwa idadi ileile. Huviweka inapovihitaji na kuviondoa kazi inapokwisha. Seli ya saratani ni seli ya mwili iliyoacha utaratibu huo. Haileti milango mipya ambayo mwili haujawahi kuijua. Aghalabu huchukua milango ya kawaida na kuitumia pasipostahili, kwa wingi usiostahili, au kwa muda usiostahili.

Kipokezi cha interlukini-2: mlango wa sehemu tatu

Mfano uliochunguzwa kwa kina ni kipokezi cha interlukini-2. Mwaka 1976, Morgan, Ruscetti na Gallo, watafiti wa Marekani, walieleza kuwepo kwa dutu iliyoweza kuzikuza seli T za binadamu katika maabara kwa muda mrefu. Dutu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa interlukini-2.

Kipokezi chake kamili kina minyororo mitatu ya protini: alfa, ambayo ndiyo CD25, beta, ambayo ni CD122, na gama, ambayo ni CD132. Kila mnyororo una kazi yake. Alfa huikamata interlukini-2, lakini sehemu yake iliyo ndani ya seli ni fupi mno na haiwezi kupeleka habari. Beta na gama ndizo zipelekazo habari ndani. Seli yenye beta na gama pekee huisikia interlukini-2 kwa kiasi. Alfa ikiongezeka, nguvu ya kuikamata hupanda takriban mara mia moja. Seli yenye alfa peke yake huishika interlukini-2 kwa udhaifu, wala haipati habari yoyote.

Hapa tayari tunaona kwa nini "CD25 chanya" haitoshi. Majibu hayo yanatuambia kwamba sehemu moja kati ya tatu za mlango imeonekana. Hayatuambii kama mlango ni kamili, wala kama seli inaitikia.

Tena, CD25 huonekana kwa watu wazima wa afya. Seli T iliyotulia huwa na CD25 kidogo sana au haina kabisa. Inapokutana na kijidudu na kuamka, huiweka CD25 kwa wingi ili iweze kuongezeka. Kuna pia seli T zidhibitizo, ambazo kazi yake ni kuizuia kinga isiudhuru mwili wenyewe. Hizi huwa na CD25 wakati wote. Kwa hiyo mtu mwenye maambukizi makali atakutwa na seli nyingi zenye CD25, na hana saratani.

Kisa cha Japani

Mwaka 1977, Takatsuki na wenzake wa Kyoto walieleza aina ya lukemia ya seli T iliyowapata watu wazima, ambao wengi wao walizaliwa kusini-magharibi mwa Japani. Wagonjwa walikuwa na tezi zilizovimba, ini na bandama kubwa, madhara ya ngozi, na seli ambazo viini vyake vilikuwa vimegawanyika mfano wa petali za ua. Ilikuja kufahamika kwamba chanzo cha ugonjwa huo ni virusi viitwavyo HTLV-1, ambavyo taarifa yake ya kwanza ilichapishwa Marekani mwaka 1980, na uhusiano wake na lukemia hiyo ukathibitishwa na watafiti wa Japani.

Msomaji asivichanganye virusi hivi na VVU. Vyote viwili hushambulia seli T zenye CD4, na vyote huambukizwa kwa kujamiiana, kwa damu na kwa maziwa ya mama, lakini ni virusi tofauti. HTLV-1 haisababishi UKIMWI. Watu wengi walio nayo huishi maisha yao yote bila kuugua, na takriban watu 5 au pungufu kati ya 100 hupata lukemia hiyo, kwa kawaida baada ya miongo mingi. Mbali na Japani, virusi hivi hupatikana katika visiwa vya Karibi, sehemu za Amerika ya Kusini, kaskazini-mashariki mwa Irani, na sehemu za Afrika, ikiwemo Afrika ya Kati.

Mwaka 1981, Uchiyama, Broder na Waldmann, wakifanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walitengeneza kingamwili walizoziita anti-Tac. Kingamwili hizi zilishika protini iliyokuwa juu ya seli T zilizoamka. Baadaye ilithibitika kuwa protini hiyo ni mnyororo wa alfa wa kipokezi cha interlukini-2, yaani CD25. Seli za lukemia ya Japani zilikuwa nayo kwa maelfu juu ya kila seli, na bila kupumzika.

Sababu yake ikajulikana. HTLV-1 ina protini iitwayo Tax, ambayo huwasha jeni za seli yenyewe, zikiwemo jeni ya interlukini-2 na jeni ya CD25. Hapo mwanzo, seli iliyoambukizwa huweza kujibishia hodi mlangoni pake na kujiitikia yenyewe, ikaongezeka pasipo sababu. Lakini ugonjwa ukishakomaa na kuwa mkali, seli nyingi huwa hazihitaji tena interlukini-2. Mabadiliko mengine ya jeni yamekwisha kuzipa uwezo wa kukua zenyewe. Hata hivyo CD25 hubaki juu yake. Mlango upo, ila mwenye nyumba haungoji tena wageni.

Tofauti hiyo ina uzito katika tiba. Mwaka 1993, Waldmann na wenzake walitoa matokeo ya kuwatibu kwa anti-Tac wagonjwa 19 wa lukemia hiyo. Wagonjwa 7 walipata nafuu, wawili kati yao nafuu kamili, waliosalia hawakunufaika. Kuuziba mlango humwathiri tu yule anayeutegemea. Kwa hiyo swali la "kipokezi kipo?" halikutosha, lilihitaji kufuatwa na swali la "seli bado inakitegemea?"

CD25 juu ya seli nyingine

Lukemia ya seli zenye nywele ni ugonjwa wa seli B, wala si wa seli T. Jina lake limetokana na vinyweleo vinavyoonekana kuizunguka seli chini ya hadubini. Mgonjwa huwa na bandama kubwa, upungufu wa seli za damu, na mara nyingi uboho wake hukataa kuvutika kwenye sindano. Seli zake kwa kawaida huwa na CD25, CD103, CD11c na CD123 kwa pamoja. CD123 nayo ni kipokezi cha sitokini: ni mnyororo wa alfa wa kipokezi cha interlukini-3.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao sana, ambao seli zake kwa kawaida hazina CD25. Huu hauitikii vyema dawa ya kladribini, ilhali lukemia ya kawaida ya seli zenye nywele huitikia kwa kiwango kikubwa mno. Hivyo hata kukosekana kwa kipokezi ni habari. Katika nchi zetu, ambako bandama huweza kuvimba kwa malaria ya muda mrefu au kichocho, kuutambua ugonjwa huu mapema ni kumwokoa mgonjwa na miaka ya kutibiwa kitu kisichokuwepo.

CD25 pia hukatwa kutoka juu ya seli na kuelea katika damu. Kipimo cha CD25 inayoelea hupanda katika limfoma na lukemia kadhaa, na husaidia kufuatilia maendeleo ya tiba. Lakini hupanda vilevile katika kifua kikuu, VVU na maambukizi mengine yanayoiamsha kinga ya mwili. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi saratani yoyote.

Kipokezi kilichoharibika: mfano wa FLT3

Hadi sasa tumezungumzia vipokezi vilivyo vizima vilivyowekwa pasipostahili. Kuna hali nyingine, ambapo kipokezi chenyewe kimeharibika. FLT3 ni kipokezi cha sitokini kinachosaidia seli changa za uboho kuongezeka. Huonekana juu ya seli za wagonjwa wengi wa lukemia kali ya mieloidi. Lakini kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa hao, jeni ya FLT3 ina mabadiliko yanayokifanya kipokezi kijiwashe chenyewe. Ni kama nyumba ambayo sauti ya "karibu" inasikika usiku na mchana, ilhali hakuna aliyebisha hodi.

Mgonjwa mwenye FLT3 nzima na mwenye FLT3 iliyoharibika huweza kuonekana sawa iwapo tutaangalia uso wa seli peke yake. Tofauti yao hupatikana kwa kupima jeni. Nayo ni muhimu: aina mojawapo ya mabadiliko hayo huufanya ugonjwa urudi kwa haraka, na zipo dawa, kama vile midostaurini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, zinazozima kimeng'enya cha kipokezi hicho. Daktari anapoomba kipimo cha pili baada ya majibu ya kwanza kuonyesha kwamba "kipokezi kipo", hajakosa imani na maabara. Anauliza swali jingine.

Tiba zinazopitia mlangoni

Ikiwa seli ya saratani ina mlango usioutegemea, mlango huo bado waweza kutumika kuipelekea sumu. Dawa ya denilukini diftitoksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa limfoma ya seli T ya ngozi, ni interlukini-2 iliyounganishwa na kipande cha sumu ya bakteria wa dondakoo. Seli huisikia hodi ya interlukini-2, huiingiza ndani, na sumu huisimamisha kazi yake ya kutengeneza protini. Tagraksofuspu, iliyoidhinishwa mwaka 2018 kwa saratani adimu ya seli za damu yenye CD123 nyingi, hufuata njia hiyohiyo kwa kutumia interlukini-3.

Kwa upande wa limfoma ya Hodgkin, CD30, ambayo ni kipokezi cha jamii ya sitokini ya TNF, huonekana juu ya seli kubwa za ugonjwa huo. Brentuksimabu vedotini, iliyoidhinishwa mwaka 2011, ni kingamwili inayoishika CD30 na kuiingizia seli dawa ya kuua. Hapa tena tahadhari ni ileile: CD30 huonekana pia juu ya limfosaiti zilizoamka kwa maambukizi ya virusi, na mtaalamu wa patholojia hawezi kutamka limfoma kwa CD30 pekee.

Dawa hizi haziui seli za saratani tu. Denilukini diftitoksi na tagraksofuspu huweza kusababisha majimaji kuvuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu. Dalili zake ni uvimbe, uzito kupanda kwa ghafla, shinikizo la damu kushuka na albumini kupungua. Muuguzi anayempima mgonjwa uzito kila siku ndiye mara nyingi wa kwanza kuligundua tatizo hili.

Ni kweli kwamba dawa nyingi kati ya hizi ni ghali, na upatikanaji wake katika nchi zetu ni mdogo. Hilo halifanyi vipimo vya vipokezi kuwa anasa. Limfoma ya Hodgkin ilikuwa ikitibika na kupona kwa tiba ya kemikali ya kawaida kabla ya brentuksimabu kuwepo, mradi tu itambuliwe. Jina sahihi la ugonjwa ndilo msingi wa tiba, iwe mpya au ya zamani.

Kwa mhudumu wa afya

Vipokezi hupimwa zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza ni flosaitometria: seli zilizo hai hupakwa kingamwili zenye rangi na kupitishwa mojamoja mbele ya mwanga. Ya pili ni kupaka kingamwili hizo kwenye kinyama kilichohifadhiwa. Usahihi wa njia zote mbili huanzia kwa anayechukua sampuli.

Damu au uboho wa flosaitometria uwekwe katika chupa yenye kifuniko cha zambarau, au kama maabara inavyoelekeza. Usigandishwe, na ufike maabara mapema iwezekanavyo, ikiwezekana siku hiyohiyo. Kinyama cha tezi kwa ajili ya patholojia kiwekwe katika fomalini. Kinyama cha flosaitometria kisitiwe fomalini kabisa, kwani seli zinapaswa kuwa hai.

Steroidi zisianzishwe kabla ya kuchukua kinyama, isipokuwa maisha ya mgonjwa yamo hatarini. Dawa hizi huweza kuyeyusha limfoma kwa siku chache na kuiacha maabara bila cha kusoma, kisha ugonjwa ukarudi ukiwa hauna jina.

Fomu ya maombi ijazwe kikamilifu: umri, muda wa dalili, tezi na bandama, hali ya VVU, matibabu ya kifua kikuu, na dawa alizokwisha kutumia. Tumeona kwamba maana ya CD25 hubadilika kulingana na habari hizo. Fomu tupu humlazimisha mtaalamu wa maabara kukisia.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Ndugu msomaji, ukiona "chanya" mbele ya CD fulani, usihesabu magonjwa. Hayo ni maelezo ya sura ya seli, kama vile mtu anavyoelezwa kwa urefu, sauti na mavazi ili atambulike. Kitambulisho kimoja huwafaa watu wengi. Vikikusanyika ndipo mtu anapojulikana.

Una haki ya kumuuliza daktari wako maswali haya: Majibu yote yakiunganishwa, ugonjwa wangu unaitwaje? Je, kuna kipimo cha jeni kinachohitajika zaidi? Kuna kipokezi chochote kati ya hivi kinachobadilisha tiba yangu? Na ikiwa dawa hiyo haipatikani, tiba iliyopo ina uwezo gani? Ukiambiwa ungoje kipimo kingine kabla ya kuanza tiba, uliza sababu na muda wake, na usiitoroke kliniki kwa kudhani kwamba umefichwa jambo.

Hitimisho

Vipokezi vya sitokini ni sehemu ya mazungumzo ya kila siku ya seli zetu. Katika lukemia na limfoma, mazungumzo hayo huvurugika kwa njia mbalimbali: mlango uliowekwa na virusi na kuachwa wazi, kama CD25 katika lukemia ya HTLV-1, mlango wa kawaida juu ya seli isiyo ya kawaida, kama katika lukemia ya seli zenye nywele, au mlango uliovunjika na kujiitikia wenyewe, kama FLT3. Kwa mgonjwa, karatasi ya majibu ni mwanzo wa mazungumzo na daktari wake. Kwa mhudumu wa afya, wajibu huanza mapema zaidi: sampuli iliyo hai, fomu iliyojazwa, na ulimi unaojizuia kutamka jina la ugonjwa kabla majibu yote hayajakusanyika.